Siku Nilipoifungua Rimoti ya Baba

Wiki iliyopita nilivuta droo ya jikoni kutafuta kiberiti, nikakutana na betri mbili zilizovimba na kutoa majimaji. Harufu ile ya kutu, chumvi na uchachu kidogo ikanipanda puani, nikasimama palepale huku sufuria ikichemka bila mwangalizi. Nyie wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Sisi ndio tulioanika betri juani juu ya bati ili zipate nguvu, tukazing'ata kwa magego mpaka zikabonyea, tukazirudisha kwenye redio na kumwambia mzazi, "Zimepona." Mimi harufu hiyo hunirudisha Kilosa, mtaa wa Magomeni, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, mwaka ule ambao baba hakuwa na sauti.

Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera zake. Babu yangu alikuja kutoka mbali, upande wa magharibi, kukata mkonge, akabaki. Baba akazaliwa kwenye kambi za mashamba, akakua akitazama treni zikipita, na akaamua mapema kwamba treni ni bora kuliko mkonge. Kazi ile ilimpa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Akimwamkia bibi wa nyumba ya tatu shikamoo, marahaba ilikuwa inaitikiwa na mtaa mzima. Mama alikuwa akimwambia, "Baba Rehema, hapa si stesheni," naye anacheka na kujibu kwa sauti ileile.

Kisha reli ikaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Zilikuwa zama za mageuzi. Maduka ambayo mama aliyakumbuka yakiwa na chumvi na sabuni ya mche tu yalikuwa yamejaa chupa za chai zenye maua, kandambili za kila rangi na redio za kila umbo, na wanaume waliozoea kwenda kazini alfajiri walikuwa wanakaa barazani wakivitazama vitu hivyo vikipita. Baba alipopata kiinua mgongo alifunga safari kwenda Dar es Salaam, akarudi na televisheni iliyokwishatumika, ameifunga kwenye blanketi kama mgonjwa. Mama hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu akaishonea kitambaa cha kuifunika.

Antena yake ilisimama juu ya mianzi miwili iliyounganishwa, na picha zilikuja na chenga nyingi kiasi kwamba kwa muda mrefu niliamini Dar es Salaam kunanyesha daima. Tatizo la televisheni ile lilikuwa vitufe vyake vya mbele. Mwenyewe wa kwanza alivibonyeza mpaka vikazama ndani visirudi. Ukiwasha swichi ya ukutani, kitaa chekundu kiliwaka pembeni, basi. Bila rimoti haikuwa televisheni, ilikuwa sanduku lenye jicho jekundu.

Baba akaanguka uani asubuhi moja akiwa ananawa uso. Nakumbuka kopo likibingirika, na mama akiita jina la baba, jina lenyewe, ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Alipelekwa hospitali Morogoro, mama akaenda naye, mimi nikabaki na Shangazi Asha, dada yake baba. Waliporudi, upande wa kulia wa baba ulikuwa umelala, na mdomo wake ulifunguka bila neno kutoka. Nilikuwa na miaka saba. Hakuna aliyenieleza kitu. Wakubwa walizungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni kigoda.

Nilichookota kwenye mazungumzo yao ni hiki: daktari alisema mkono wa kushoto upewe kazi, vidole visije navyo vikalala. Mama akatazama huku na huku, akaichukua rimoti, akamwekea baba kiganjani. Tangu siku hiyo haikumtoka. Akitaka maji, anapandisha sauti ya televisheni mara mbili. Akitaka kugeuzwa ubavu, anaishusha mpaka inakufa. Akikerwa, anaipandisha hadi kuta zinatetemeka na mama anakuja mbio akijifuta mikono. Siku moja walikuja wageni kumjulia hali, wakauliza kwa kunong'ona kama anasema chochote. Shangazi Asha akajibu, "Hasemi. Siku hizi sauti yake ni hiyo rimoti."

Wageni wakatikisa vichwa, wakanywa chai. Mimi niliyekuwa nimekaa mkekani nikalipokea neno lile kama lilivyosemwa.

Na kwa nini nisilipokee? Baba aliondoka nyumbani na sauti, akarudi hana, na mkononi ana kitu kidogo cheusi ambacho hakiachi. Nilijua sauti za watu huweza kuwekwa ndani ya vitu, maana redio ilijaa watu. Nikakata shauri kwamba madaktari wa Morogoro waliitoa sauti ya baba isiharibike na maradhi, wakaihifadhi humo. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna mtu mzima aliyekuwa anafanya bidii ya kuirudisha.

Basi alasiri moja, mama akiwa shambani na shangazi anafua uani, nikaingia chumba cha mbele. Baba alikuwa amelala, rimoti imeteleza kando ya mto. Naapa nia yangu ilikuwa njema. Niliichukua kwa mikono miwili, nikaenda nayo nyuma ya migomba pamoja na kisu cha kukatia vitunguu, nikapenyeza ncha kwenye ule ufa wa ubavuni. Plastiki ililia, ikaachia. Na dakika hiyohiyo, kutoka stesheni, treni ikapiga honi, ndefu, ile ya kuondoka.

Kisu kikanidondoka. Nilikuwa na hakika: sauti ya baba imetoka, imesikia treni, imeifuata.

Ndani ya rimoti kulikuwa na kipande cha mpira chenye matutamatuta kama ulimi wa ng'ombe, na chini yake kibao cha kijani chenye mistari kama ramani ya darasani. Nikainama, nikaita, "Baba?" Kimya. Nikajaribu kuvirudisha, waya mdogo uliojiviringa ukaruka majanini, nikasukuma kwa nguvu, na kibao kile kikavunjika katikati. Nikavikusanya vyote kwenye kitambaa, nikavisukuma chini ya rundo la matofali ambayo baba alikuwa ameyafyatua kwa ajili ya chumba cha pili. Jioni ile mvua ikanyesha kama ndoo iliyopinduliwa. Nilipokwenda kutazama kesho yake, kitambaa kilikuwa kinaelea kwenye tope.

Lakini kabla ya mvua, baba aliamka. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliuona mkono wake wa kushoto ukianza kupapasa godoro, taratibu kwanza, kisha kwa haraka, chini ya mto, ukingoni mwa kitanda, ukarudi kifuani kana kwamba labda alikuwa ameilalia. Kisha akanitazama. Nikakimbia.

Nyumba ikapekuliwa. Godoro likainuliwa, mkeka ukakung'utwa, shangazi akachakura mpaka kwenye pipa la mahindi. Mama akauliza, "Nani alikaa karibu na kitanda leo?"

"Si ni hao watoto wanaokuja kutazama," shangazi akasema. "Pili alikaa palepale miguuni pake."

Pili alikuwa rafiki yangu, mtoto wa jirani tuliyetenganishwa naye na ua wa mabua. Tulikwenda shule pamoja, tukirudi anakuja kwetu kutazama katuni. Mama hakuwa mtu wa kugombana. Alikwenda uani akasema kwa upole, "Mama Pili, hebu nisaidie, mwulize mwanao taratibu kama ameiona rimoti ya mgonjwa."

Mama Pili alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama. "Yaani mwanangu mwizi?"

"Sijasema hivyo, jirani."

"Hujasema. Lakini nimesikia."

Baadaye kidogo nilimsikia Pili akilia upande wa pili wa ua. Nilisikia fimbo, na nilimsikia akisema, "Sijachukua mama, Wallahi sijachukua." Nilikaa nimekumbatia magoti yangu nyuma ya mlango wa jikoni na sikusema kitu. Nimeyafanya makosa mengi tangu hapo, ya mtu mzima, lakini nikiulizwa ni lipi linaloniamsha usingizini, ni kilio kile na kimya changu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mama alijaribu kuchokoa vitufe vilivyozama kwa kijiti cha fagio, hakuna kilichoitika. Kitaa chekundu kiliwaka mchana kutwa bure. Watoto wa mtaa waliacha kuja. Pili alipita kwenda shule bila kugeuza shingo. Na baba akageukia ukutani. Uji ukiletwa anafunga mdomo, mkono wa kushoto umekunjwa ngumi tupu kifuani. Nilimsikia shangazi akimnong'oneza mama jikoni, "Wifi, huyu ameanza kutuaga." Na mama akajibu kwa ukali ambao haukuwa wake, "Usiseme hivyo ndani ya nyumba yangu."

Mimi nami nikanyamaza. Nilikuwa nimewaza hivi: kama sauti ya baba imeondoka na treni, basi iliyobaki ni yangu, na nikiitunza bila kuitumia, pengine Mungu ataihamishia kwake. Sikumsalimia mtu. Sikusoma darasani. Mwalimu akamwita mama, akamwambia mtoto ameathirika, haitiki hata jina lake. Nafikiri ndilo lililomtisha mama zaidi ya vyote, kuwa na watu wawili wasiosema chini ya paa moja.

Fundi redio wa sokoni Kilosa alimwambia hana rimoti ya aina ile wala hajui pa kuipata. Dereva mmoja wa lori la mahindi aliyekuwa akisafiri na baba zamani ndiye aliyesema, "Shemeji, jaribu Mikumi. Kuna mzee pale barabarani, vifaa vyote vya madereva vinapita mikononi mwake." Mama akaipindua televisheni, akanakili herufi na namba za mgongoni mwake kwenye jalada la daftari langu, na Ijumaa alfajiri akanivalisha gauni la sikukuu. "Twende wote," alisema. "Hewa itakubadilisha."

Tulipanda lori la dereva yule, tukakaa naye mbele. Barabara ya vumbi iliturusharusha, vichaka vikawa vyekundu kwa vumbi, na dereva akawa anapiga hadithi ambazo mama alizijibu kwa "ehee" bila kuzisikia. Tulipofika kijiji cha Kisanga lori lilisimama kupakia magunia. Mama akaninunulia kipande cha muwa, kimemenywa vizuri, akakishika mbele yangu.

"Unataka?"

Nikatazama dirishani.

"Rehema. Niambie hata neno moja. Hata la kukataa."

Nilimeza mate. Muwa ule nilikuwa nauwania kwa roho yote. Mama akasubiri, kisha akaufunga kwenye kona ya khanga yake, akatazama mbele. Nilitamani kumwambia kwamba nafanya hivyo kwa ajili yao.

Mikumi ilikuwa mji wa watu wanaopita. Malori marefu ya safari za mbali yalikuwa yamejipanga kando ya barabara ya lami, yakinuka breki zilizoungua, na juu ya turubai la mojawapo nyani alikaa akitafuna gunzi la mtu, hana habari. Kibanda cha fundi kilikuwa cha mbao, kimejaa redio zilizotolewa matumbo. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mkononi ana chuma cha kulehemu kinachofuka moshi mwembamba.

"Shikamoo baba," mama akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Na huyu haamkii?"

"Anaumwa kidogo," mama akasema. Akamwonyesha jalada la daftari, akamweleza habari ya mume wake, ya mkono wa kushoto, ya rimoti iliyoibwa. Alisema hivyo, iliyoibwa. Nikatazama miguu yangu.

Mzee akasoma zile herufi akiwa amezisogeza karibu na pua. Akavuta boksi kutoka chini ya meza, na ndani yake, jamani, kulikuwa na rimoti kama makumi mawili, nyeusi, za kijivu, nyingine hazina mgongo, nyingine zimefungwa kwa mpira. Niliziona zimelala moja juu ya nyingine. Nilifikiri, hawa wote ni baba za watu.

"Ya kwenu hasa sina," mzee akasema. "Ila kuna hizi mpya zimeingia, zinakubali televisheni nyingi. Ngoja kwanza nione kama ni nzima." Akaichomoa moja iliyokuwa bado kwenye nailoni, akaitia betri. Kisha akakisogeza kiredio chake kidogo, akazungusha kile kitufe mpaka kikafika mahali penye mvumo mtupu usio na stesheni, akaielekeza rimoti kwenye redio na kubonyeza.

Redio ikakoroma. "Trrr. Trrr. Trrr."

Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu anayejitahidi kusema akiwa mbali sana. Ilifanana kabisa na ile aliyokuwa akiitoa baba kooni siku za kwanza alipotoka Morogoro, kabla hajakata tamaa ya kujaribu.

"Baba!" nikapiga kelele. "Baba yangu! Usimfungue! Mzee tafadhali usiifungue, atatoka!"

Nilikuwa nimeushika mkono wa mzee kwa mikono yangu miwili. Mama akasimama ghafla mpaka benchi likaanguka. Wiki nzima hakuwa amenisikia, na sasa nilikuwa nalia na kusema vyote kwa pamoja: migomba, kisu, honi ya treni, kibao cha kijani, matofali, Pili, fimbo. "Si Pili, mama. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwachia akaondoka."

Kulikuwa na madereva wawili wakisubiri redio yao. Mmoja alianza kucheka. Mzee alimtazama tu juu ya miwani, akaacha.

Mama akainama. Aliliinua benchi, akakaa, akanivuta katikati ya magoti yake. Nilisubiri kofi, nikafumba macho kabisa. Lilipochelewa nikayafumbua. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini uso wake ulikuwa umelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu kopo lile libingirike.

"Nani alikwambia sauti ya baba imo kwenye rimoti?"

"Shangazi. Aliwaambia wageni."

"Ah," mama akasema. "Ah, mwanangu." Akafuta uso wangu kwa khanga, kisha wake. "Hakuna aliyekueleza. Sote tulikuwa tunahangaika na baba yako, hakuna aliyekumbuka kukueleza."

Ndipo akanieleza, palepale, mbele ya madereva na redio mbovu: kwamba ndani ya kichwa cha baba mshipa uliziba, na sehemu inayopanga maneno ikaumia kama mguu unavyoumia, kwamba sauti bado anayo, ila njia ya kutokea imeharibika, kwamba hakuna treni iliyoichukua. Mzee naye akaweka chuma chake chini, akaifungua rimoti moja mbovu polepole ili nione, akanishikisha ulimi wake wa mpira. "Humu hamna mtu," alisema. "Kuna taa ndogo tu ambayo macho yetu hayaioni. Televisheni ndiyo inayoiona. Na redio hii ina umbea, inasikia hata yale isiyoambiwa."

Kisha akamgeukia mama, akamfundisha. "Ukifika, shika hiki mpaka taa iwake. Halafu bonyeza hiki, moja moja, huku umeielekeza kwenye tivii. Usiharakishe. Kila tivii ina namba yake humu ndani. Ikiisikia ya kwake, itaamka."

Tulirudi na rimoti na kifungu cha vitunguu. Kwenye lori nilikula muwa wote, nikasema njia nzima, mpaka dereva akauliza kama huyu ndiye yule mtoto wa asubuhi.

Tuliposhuka Magomeni jua lilikuwa linaelekea magharibi. Mama hakuingia nyumbani. Alinishika mkono, tukazunguka ua wa mabua, tukabisha hodi kwa Mama Pili.

"Jirani, nimekuja kuomba radhi," mama akasema akiwa bado amesimama. "Rimoti haikuibwa. Aliivunja huyu. Mimi niliuliza pale ambapo sikupaswa kuuliza, kabla sijauliza nyumbani kwangu."

 Vitunguu vilikuwa bado mkononi mwa mama. "Nimempiga mwanangu," Mama Pili akasema. "Nimempiga kwa neno ambalo yeye alikuwa analikataa."

"Najua. Tulisikia."

"Mimi nilisikia, nikanyamaza," nikasema. Pili alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amekunja mikono. Sikujua mtoto anaombaje msamaha wa jambo kubwa kiasi kile, nikasema tu, "Nipige na wewe." Pili akalifikiria kwa dhati. Kisha akasogea, akanipiga kofi moja la begani, lenye uzito wake, akarudi mahali pake. Mama Pili akavuta pumzi, akapokea vitunguu. "Karibuni ndani," alisema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Jumamosi asubuhi mama alisimama mbele ya televisheni na rimoti mpya, akaishika kama alivyofundishwa. Baba alikuwa amelala akitazama ukuta. Mama akabonyeza mara tano, sita. Sijui ni ule mlio mdogo wa kitufe uliomfikia, lakini kichwa cha baba kiligeuka taratibu. Akaitazama rimoti. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka, ngumi ikafunguka, kiganja kikatazama juu.

Mama akampa, akamwelekeza. Mimi nikakaa ukingoni mwa kitanda kuhesabu. Pili akaja, akasimama kwanza mlangoni kama mgeni, kisha akakaa upande wangu wa pili, naye akahesabu. Kidole gumba cha baba kilikuwa kizito, kila mbonyezo ulikuwa safari. Tulifika hamsini na tatu, umeme ukakatika. Uliporudi, mama akasema kazi yote imepotea, tuanze upya, na nikaogopa baba atageukia ukuta. Hakugeuka. Alifumba macho kidogo, akapumzika, akaanza tena, moja. Shangazi akaleta uji, na baba akafungua mdomo bila kuondoa macho kwenye kile kitaa chekundu, akameza kijiko, akabonyeza, akameza, akabonyeza. Shangazi alikuwa anamlisha huku anajiuma midomo.

Mbele kidogo ya mia moja na ishirini, kitaa kikageuka kijani. Chenga zikajaa kioo, na katikati yake mwanamke akatokea akifua nguo nyeupe na kuisifu sabuni kwa kelele za ajabu. Tukaruka, mimi na Pili, tukaruka mpaka kitanda kikalia. Watoto wa mtaa walirudi kabla hata tangazo halijaisha.

Jioni watoto walipoitwa makwao, mama alinivuta kando. "Kwa Mama Pili nilikusemea," alisema. "Hili la baba yako utalisema mwenyewe." Akatoka kwenda jikoni, uani.

Baba aliishi miaka mingine minne baada ya hapo. Maneno machache yalimrudia, "maji", "hapana", "njoo", na jina langu alilitamka nusu, likabaki nusu hilo nyumbani kwetu hadi leo. Lakini jioni ile hakuwa na hata moja. Nilisimama mbele ya kitanda. Televisheni ilikuwa inatangaza mpira. Nikasema, "Baba," na nikakwama.

Aliielekeza rimoti kwenye televisheni. Nikaona vile vijiti vya kijani vinavyoonyesha sauti vikipungua kimoja kimoja, mpaka uwanja mzima ukanyamaza na wachezaji wakawa wanakimbia kama watu wa ndotoni. Akaiweka rimoti kifuani, akanitazama, akasubiri.

Nikamweleza yote. Nikamweleza kuhusu madaktari wa Morogoro na sauti niliyodhani wameihifadhi, kisu cha vitunguu, honi, jinsi nilivyoamini sauti yake imeisikia treni na kuikimbilia, jinsi nilivyokaa kimya wiki nzima ili Mungu amhamishie yangu, na jinsi nilivyomshika mzee wa Mikumi mkono nisimruhusu amfungue. Baba alisikiliza akiwa ameganda. Upande mmoja wa uso wake ulianza kupanda. Kifua kikaanza kutikisika, rimoti ikateleza, nikadhani nimemzidishia ugonjwa, nikapiga hatua nyuma. Ndipo ikatoka. Ilianza na mkwaruzo, ikajikwaa, kisha ikafunguka yote, nene, ya kifua kizima, ikagonga bati la paa na kurudi. Baba alikuwa anacheka.

Nikasikia mwiko ukianguka jikoni. Miguu ya mama ikaja mbio kupitia uani, na kabla hajafika mlangoni akaita kwa mshangao, kama mtu anayesikia mgeni wa kiume ndani ya nyumba yake, "Rehema! Nani amekuja?"

"Hakuna mgeni, mama," nikamjibu. "Ni baba."